Neno la Siri kwa Wenye Cheti

Idara yetu ya Mafunzo ya Walimu imetangaza enzi mpya. Kila mtumishi wa elimu, bila kujali cheo, awe na tovuti ya somo lake, aliyoiunda kwa mikono yake, kabla ya saa nne asubuhi ya Ijumaa. Atakayeshindwa atahamishiwa kituo cha mbali. Nilikuwepo waraka ukisainiwa. Mimi ndiye mpika chai wa idara, na kikao bila chai si kikao, kwa hiyo nahesabika mjumbe.

Mkurugenzi hakuwaacha watu gizani. Masomo yote ya kuunda tovuti, kuanzia kuandika msimbo hadi kupanga kurasa za somo, ameyaweka mtandaoni, bure. Kuingia ni kwa neno la siri. Neno la siri hutolewa na karani. Karani humpa yeyote mwenye cheti cha kumaliza masomo hayo.

Mimi niliishia darasa la saba, lakini niliona mpango umekamilika kama yai: hauna pa kuingilia.

Mjukuu wangu, mwalimu wa jiografia, alipanga foleni kwa karani siku tatu. Ana mtoto mchanga. Akihamishwa, mtoto atabaki mgongoni kwangu, na mgongo wenyewe umeshastaafu. Siku ya nne akachoka, akajifunza kwenye masomo ya watu wengine huko huko mtandaoni, kwa simu yenye ufa, mtoto akinyonya. Akaunda tovuti. Ukigusa mto kwenye ramani, unajitaja jina. Alhamisi nikaipeleka kwa mkurugenzi pamoja na chai yake.

Akaitazama, akaipenda, akaikataa.

"Bibi, huyu ameogelea kabla ya kuruhusiwa kulowa. Ujuzi usiopitia kwetu hautambuliki."

"Na wewe, baba, wako ulipitia wapi?"

"Mimi ndiye mlango."

Nikakusanya vikombe. Mlango hauulizwi umesoma wapi.

Ijumaa saa tatu akaingia mkaguzi kutoka makao makuu, mama mmoja mfupi asiyetia sukari. Akaomba kuyaona masomo yenyewe, na tovuti ya mkurugenzi kama mfano. Mkurugenzi akamwagiza karani alete neno la siri.

Karani, mtu wa kufuata taratibu hata ndotoni, akanyoosha mkono. "Cheti, mzee."

"Unajua unaongea na nani?"

"Najua, mzee. Waraka unasema bila kujali cheo. Sahihi ni yako."

Mkaguzi akatazama saa, akauliza kama jengo zima lina mtu mwenye tovuti. Nikamwonyesha simu ya mjukuu. Akagusa mito yote, mmoja mmoja, mpaka chai ikapoa. Mkurugenzi akamnong'oneza kwamba hiyo haikupitia kwetu.

"Waraka unataka awe nayo," mkaguzi akasema. "Haukuuliza kaipata wapi."

Saa nne ikagonga, mkurugenzi hana tovuti.

Jioni nilimpelekea mkurugenzi chai ya kuagana, nikamtegea kitendawili: mwenye nyumba kafunga mlango, kajikuta nje. Aliwaza sana, akashindwa. Nikamwambia anipe mji, ndiyo desturi.

Akanipa ule ulioandikwa kwenye barua yake ya uhamisho.