Sanduku la Kutuliza Mawimbi

Mwaka tisini na sita, Onesmo aliingia duka la Lataben pale Nyahanga kununua kiberiti. Alitoka na kiberiti na mpango wa utapeli, na kiberiti chenyewe hakukilipia.

Lataben, ambaye wote walimwita Mama Dimple, alinunua dhahabu katika vituo vitatu: Nyahanga, Nyarugusu na Ushirombo. Kila kipande kilipimwa hewani, kisha kikapimwa kikiwa ndani ya maji, na tarakimu zikasomwa kwenye redio ya upepo, ile ya kuzungumza kituo kwa kituo. Vituo vyote vitatu vilipiga hesabu ileile, uzito wa hewani kugawanya kwa uzito uliopungua majini, kila kimoja kivyake. Majibu mawili yakifanana, biashara inafanyika. Karani aliyehongwa anabaki peke yake na uongo wake. Wazungu walikuwa na kompyuta, sisi tulikuwa na penseli tatu.

Mtu muungwana angeusifu utaratibu huo. Onesmo alijiuliza tu hewa inalindwa na nani.

Akaazima pikipiki ya shemeji yake Makoye, eti ampeleke mama mkwe kung'olewa jino. Chini ya kiti akafunga koili kuukuu na waya mrefu, na injini ilipounguruma, redio iliyo jirani ilikoroma mpaka basi. Jumatatu akaegesha Ushirombo, Jumanne Nyarugusu, Jumatano Nyahanga. Wachimbaji walingoja majibu, wakachoka, wakahamia kwa wanunuzi wanaong'ata dhahabu na kukisia. Wiki moja zaidi ya hivyo, Mama Dimple angefunga vituo.

Jumatano hiyohiyo Onesmo aliingia dukani na tai shingoni na sanduku la bati mkononi, pikipiki ikiunguruma nje.

"Shikamoo, Mama Dimple."

"Marahaba. Zima pikipiki, mafuta ghali."

"Ikizimwa inasumbua kuwaka, mama. Mimi fundi wa mawimbi, natoka Dar. Kuna adui anaingilia hewa yako. Sanduku hili linamfukuza."

"Adui gani?"

"Mtaalamu sana," alisema Onesmo kwa unyenyekevu.

Mama Dimple akatoa kipande cha njano, kikubwa kama karanga ndani ya ganda lake. "Chukua hiki, malipo yako. Ila sijakipima, redio si unaisikia mwenyewe? Na pikipiki uniachie siku saba, iwe dhamana ya sanduku."

Onesmo alikipima kwa kiganja, akakiona kizito. Tamaa nayo ina uzito wake. Kwa hesabu ya tamaa hiyo angemnunulia Makoye pikipiki mbili, ingawa hakuwa na nia ya kumnunulia hata moja. Akafunga sanduku kwenye redio, akatoka, akazima injini na kuiacha pikipiki pale. Mkoromo ukakoma.

"Ajabu," alisema Mama Dimple, bila kushangaa.

Alhamisi Onesmo alidandia lori hadi Nyarugusu, kwa sababu Mbuke, karani wa kituo kile, alipima kwa haki na kulipa vizuri kuliko wang'ataji. Matapeli huthamini sana haki wanapouza.

"Hewani gramu kumi na saba," Mbuke alisoma redioni. "Majini kumi na tano. Ova."

"Nane na nusu," alijibu Ignas, karani wa Ushirombo. "Shaba hiyo. Ova."

Mbuke akamwonyesha Onesmo karatasi yake: nane na nusu. "Dhahabu safi inafika kumi na tisa, kaka."

"Kuna mtu anaingilia mawimbi," alisema Onesmo.

"Alikuwepo. Jumatatu Ushirombo, Jumanne hapa, Jumatano Nyahanga. Tulilinganisha siku zetu, tukaona kelele zinasafiri na pikipiki ileile moja."

"Hata huku ni nane na nusu," ikaingia sauti ya Mama Dimple. "Fundi, sanduku lako zuri, nakusikia kama uko dukani. Kuna mtu ameifuata pikipiki yake, anataka kukusalimia."

Onesmo, kwa mara ya kwanza wiki ile, aliomba kelele kwa moyo wake wote. Hewa ikabaki safi.

"Shemeji," alisema Makoye. "Tangu Jumatatu mama amekaa mlangoni, shavu limevimba, anakungoja umpeleke kung'oa jino. Usiondoke hapo, nakuja. Na koili yako ninayo. Ova."