Albamu ya Besi Tupu

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeanza. Albamu yangu. Si ya bendi, si ya mwimbaji. Yangu. Jazi iliyochanganywa na kila kilichowahi kunipitia masikioni, nyimbo nane, zote zinaongozwa na gitaa la besi. Haimbi mtu. Nimewachoka waimbaji.

Niweke sababu hapa, zisije zikapotoshwa na watu wasioandika. Mwimbaji wetu kila onyesho hutambulisha bendi. Humtaja mpiga gitaa, mpiga kinanda, mpiga ngoma. Jumamosi iliyopita kamtaja mpaka mlinzi wa mlangoni. Mimi hakunitaja. Nilipomuuliza akasema aliniona nimetulia, akadhani sitaki kusumbuliwa.

Studio ni chumba kimoja nyuma ya karakana ya seremala. Kuta zimevikwa magodoro yaliyochoka. Fundi mitambo ni dada mpole, anavaa hedfoni shingoni kama wenzake wanavyovaa mkufu. Alitaka kuchomeka waya kutoka kwenye besi moja kwa moja hadi kwenye kompyuta. Nimekataa. Besi hurekodiwa kwa maiki mbele ya spika, chumba kimoja na ngoma, watu wakitazamana machoni. Waya ni kwa waoga. Akasema basi kila maiki itasikia kila kitu. Nikamwambia hiyo ndiyo maana ya muziki.

Akaenda kuleta maiki. Ushindi wa kwanza.

Jumatano, 5 Juni

Mpiga ngoma ni Pipa, rafiki yangu tangu tulipokuwa tukipiga madawati darasani. Kifundo cha mkono wake wa kulia kimeharibika. Jumatatu anapasuliwa, na daktari amemwambia asitegemee kushika tena kijiti. Kwa hiyo ameniomba tumalize sehemu yake mapema. Anataka abaki na kitu cha kujisikiliza uzeeni. Nimekubali. Mimi si mtu wa roho mbaya.

Kapiga nyimbo zote nane leo. Nitasema ukweli: amezidisha. Wimbo wa tatu, ule wa polepole, kaupiga kwa brashi badala ya vijiti, na seremala akazima randa yake akaja kusimama mlangoni na vumbi la mbao kwenye kope. Fundi mitambo kafuta macho kwa mkono wa sweta. Mwishoni shemeji, mke wa Pipa, kaingia na barafu kwenye taulo, akamfunga mkono uliovimba kama umeumwa na nyuki. Pipa akacheka, akasema mkono huu ukifa, angalau maziko yake yamejaza watu.

Wakampongeza wote. Seremala kampa mkono wa kushoto ili asimtoneshe. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, gitaa limeninyonga bega. Seremala akaniomba nimpishe apite.

Ijumaa, 7 Juni

Fundi katutumia nyimbo kwenye simu tuonje. Nimemsikilizisha mke wangu akikunja nguo. Kasikiliza zote, za mwanzo akikunja, za mwisho akiwa ameacha shati mapajani. Akasema Pipa kapiga mpaka vinyweleo vimemsimama. Halafu akauliza, kwa upole wa kweli, na huo ndio ubaya wenyewe, mimi naanza kupiga wimbo wa ngapi.

Nikajifungia bafuni.

Simu. Binadamu mzima, mwenye masikio mawili mazima, amekubali kusikiliza muziki kupitia tundu lisilozidi tundu la kifungo cha shati. Ananunua simu yenye macho matatu na haina hata kifua. Sauti nzito yote inabaki ndani kama mfungwa. Wanaita maendeleo. Babu zao wangewacheka. Sauti nzito ndiyo iliyomfanya mtu wa kwanza atoke pangoni aangalie kuna nini. Sauti nyembamba ilimfanya tu apige mbu.

Lakini hasira haijengi nyumba yangu wala albamu yangu. Nimefikiri kwa utulivu, nikiwa nimekaa ukingoni mwa beseni. Simu za watu siwezi kuzibadilisha. Ngoma naweza kuzipunguza.

Jumamosi, 8 Juni

Nimefika studio kabla ya fundi. Nimemwomba ashushe ngoma kidogo. Kashusha. Tukajaribu kwenye simu. Besi haipo. Nikamwomba ashushe tena. Kashusha. Haipo. Akanieleza, kwa sauti ya mtu anayemweleza mgonjwa, kwamba ngoma hazina kosa. Spika ya simu haitoi sauti nzito hata Pipa akinyamaza mpaka kiama. Dawa ni nyuzi mpya, na nipige kwa kucha kidogo, sauti ipate ukali wa juu ambao simu inaweza kuubeba.

Nyuzi zangu nilizifunga kabla sijaoa. Hazina kelele za chuma. Zinatoa sauti nzito, safi, ya kidole gumba. Nikamwambia sikuja hapa kupiga zeze. Akasema zeze angalau linasikika.

Nimeyaandika maneno hayo hapa ili siku moja ayajutie.

Jumatatu, 10 Juni

Pipa kapasuliwa leo. Asubuhi sikwenda hospitali. Nilikuwa na kazi.

Fundi alitoka kumchukua mwanawe shuleni, akaniachia ufunguo na onyo nisiguse kitu. Kompyuta imejaa, alisema. Nilete kwanza diski tuhifadhi nakala za ngoma, ndipo turekodi mengine. Diski nimeisahau nyumbani. Naisahau tangu Alhamisi.

Sasa, mpango. Nilitaka kuongeza besi ya pili juu ya ile ya kwanza. Na ya tatu. Hadi saba. Besi saba zikisukuma pamoja, simu gani itazikatalia mlangoni? Ila nafasi hakuna. Nikatazama ni nani aliyejaza nafasi. Ngoma. Maiki moja kwa kila ngoma, moja kwa kila sahani ya shaba, mbili za juu, kana kwamba amezaliwa mfalme. Mimi nina moja.

Nikazichagua zote. Kompyuta ikaniuliza kama nina uhakika. Watu wameniuliza swali hilo maisha yangu yote, mara nyingi wakiwa wameshika mashavu, na sijawahi kuwa na uhakika kama leo.

Jioni nikapita hospitali. Mkono umefungwa hadi kiwikoni. Shemeji alinivuta pembeni akaniambia daktari kakata zaidi ya alivyopanga. Kijiti hatakishika tena, na kijiko itabidi ajifunze upya. Pipa alipozinduka, neno la kwanza alimwomba mkewe maji. La pili aliniuliza nyimbo zimefika wapi, maana zile za simuni shemeji alizifuta kwa bahati mbaya akitafuta nafasi ya picha. Zangu nilizifuta Ijumaa ile, bafuni. Nikamwambia ziko jikoni bado. Akatabasamu akalala.

Nimekula vizuri leo. Sijui kwa nini naliandika hili.

Jumatano, 12 Juni

Besi saba tayari, nyimbo zote nane, nimezirekodi mwenyewe usiku kwa ule ufunguo. Kwenye spika kubwa za studio ni ngurumo tupu. Seremala kaja kulalamika kwamba gundi yake inatikisika na mbao hazishikani. Mkosoaji wa kwanza kuguswa na kazi yangu.

Kisha fundi akafungua kompyuta kutafuta ngoma.

Akatafuta. Akatafuta tena. Akaniuliza ziko wapi. Nikasema sanaa inadai kafara. Akauliza kafara ya nani. Akaketi juu ya spika, na kwa mara ya kwanza akaniita kaka, kwa ile sauti ya kupeana habari za msiba. "Kaka, yule mtu hapigi tena. Unaelewa lakini?" Nikasema naelewa, ndiyo maana hatazihitaji.

Akavaa hedfoni, akahangaika na kompyuta hadi mwanawe akasinzia ameegemea magodoro ya ukutani. Hakupata kitu, wala zile nyimbo za kuonja. Halafu akachukua ile besi yangu ya kwanza, niliyoipiga pamoja na Pipa, akaikata sauti nzito yote. Nikaruka. Akaninyamazisha kwa kidole. Na nyuma yake, mbali, kama mtu anayepiga nyumba ya tatu, tukamsikia Pipa. Maiki yangu ilikuwa imemnasa. Brashi, sahani, kila kitu, dhaifu lakini mzima.

"Zimevuja," akasema fundi, akafunika mdomo.

Anataka tuzinyanyue hizo, tumpe mwenyewe. Mimi nimemwambia huo ni uchafu kwenye besi yangu, ausafishe. Kakataa. Amesema nikitaka usafi nitafute ufagio. Nimechukua albamu yangu kwenye flashi ilivyo, na uchafu wake. Kwenye spika kubwa hausikiki hata hivyo. Besi inaufunika vizuri.

Ijumaa, 14 Juni

Pipa ananipigia kila siku kuuliza. Ananipigia kwa mkono wa kushoto, anakosea namba, anampata kwanza mtu mwingine, kisha mimi. Siwezi kumkwepa milele.

Mpango: nimtumie albamu leo, akiwa bado anakunywa dawa za maumivu. Mgonjwa aliyelewa dawa hawezi kukaa akihesabu ngoma. Atasikia ngurumo, atalala, na akiamka atakuwa amezoea. Nimezituma zote nane kwenye simu yake saa sita mchana, mara baada ya muuguzi kupita. Muda wa sindano nilikuwa nimemuuliza shemeji kijanja.

Jumamosi, 15 Juni

Shemeji kapiga simu asubuhi. Analia. Nikajiandaa kukana.

Anashukuru. Pipa hakulala usiku. Karudishwa nyumbani leo na amezirudia nyimbo njia nzima, simu imebanwa begani. Shemeji anasema hajawahi kuona mtu akijitoa namna ile: albamu ni yangu, jina ni langu, nami nimejiondoa nikamwachia mwenzangu peke yake. "Ngoma tupu, shemeji. Hata wewe mwenyewe hatukusikii popote."

Nikakata. Nikazifungua kwenye simu ya mke wangu. Kweli. Simu imezimeza besi zangu zote saba, imeacha ule uchafu. Pipa mtupu, nyimbo nane, kama anapiga kwa jirani na dirisha liko wazi.

Mchana mwimbaji naye kanipigia, kasikia. Kasema hakujua kwamba mimi ni mnyenyekevu kiasi hiki. Mnyenyekevu. Mimi. Nimetukanwa mengi lakini hilo ni jipya. Seremala kaniletea kigoda, zawadi, kakipiga msasa mwenyewe. Nimekataa kukikalia.

Nimemweleza mke wangu kila kitu. Akakunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa. Akasema: "Baba watoto, mara moja maishani umefanya jambo jema bila kukusudia. Nakuomba sana, usiliguse."

Anasema hivyo kwa sababu hajawahi kupiga besi.

Jumapili, 16 Juni

Nimeazima amplifaya ya bendi, ile ya kubebwa na watu wawili. Seremala kanipa mkokoteni wake. Aliuliza naipeleka wapi, nikasema naenda kurekebisha uongo. Akashangaa ni uongo gani huo, mzito namna hii.

Kwa Pipa pamejaa. Dada zake, majirani, hata yule muuguzi akiwa na nguo za nyumbani. Pipa yuko kwenye kochi, mkono umelazwa juu ya mto. Simu wameitia ndani ya bakuli ili sauti ikue, na wote wameizunguka kimya. Aliponiona alinyanyuka kwa tabu. Akawaambia huyu ndiye yule, kajinyamazisha albamu nzima ili mimi nisikike. Wakanipigia makofi. Dada yake mkubwa akanishika uso kwa mikono miwili.

Nikamwomba anipishe, nikachomeka.

Wimbo wa tatu. Vikombe vikaanza kutembea wenyewe mezani. Picha ukutani ikalala upande. Mtoto akatolewa nje akilia. Besi saba, na chumba kizima kimekuwa kifua kimoja. Sijawahi kusikia kitu kizuri vile, na naandika hili bila majivuno. Pipa aliinamisha kichwa, akageuza sikio huku, akageuza kule. Vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa gotini, vinapiga, vinangoja mahali pa kuingia. Vikangoja. Vikaacha.

Wimbo ulipokwisha akaniuliza ngoma zimekwenda wapi.

Nikamweleza. Kompyuta, nafasi, lile swali la uhakika. Sikuficha hata kidogo, maana msingi wa kazi hii ni ukweli. Shemeji akaitoa simu bakulini, akaifuta kwa kanga, akamshikia mumewe sikioni. Pipa akafumba macho. Hakuyafumbua tena nikiwa pale. Dada mkubwa akaenda kunifungulia mlango, mabawa yote mawili, ili amplifaya ipite.

Nimefikiri njia nzima nikisukuma mkokoteni. Nimegundua kosa liko wapi. Kochi lilikuwa mbali mno na ukuta, na mapazia yale mazito yanakula sauti. Besi haikumfika sawasawa.

Kesho nitapeleka spika mbili.