Mgombea wa Chama cha Reli

Ijumaa, 18 Oktoba
Leo nimempiku Verna Olynyk! Yeye anagombea ubunge kwa Chama cha Mito, mimi Chama cha Reli. Vyama vikubwa havijui hata kama tupo, kwa hiyo adui yangu ni yeye. Nimechomeka bango langu mbele kabisa ya lake, njia panda ya ghala la ngano. Safi! Nikarudisha gari nyuma kidogo nilitazame. Gari likatumbukia mtaroni. Theluji ya kwanza, leo hii! Aliyekuja kunivuta kwa trekta: Verna. Akaniuliza, “Lorne, reli yako ndiyo inapita humu?” Nikajifanya nakagua tairi. Meno yalikuwa yanagongana.

Jumatano, 23 Oktoba
Mdahalo, ukumbi wa kanisa. Nilimwambia Verna unaanza saa mbili, ilhali ni saa moja. Jukwaa langu peke yangu! Wagombea wakubwa hawakutokea. Wananchi nao hawakutokea, ila bibi mmoja aliyekuja kufuma soksi penye joto. Nimehutubia viti. Verna kaingia nikiwa namaliza, kabeba sufuria ya supu. Kasema alijua saa ya kweli tangu asubuhi. Kachelewa makusudi, niseme yangu bila kukatizwa, maana tangu mke wangu Doreen afariki sina wa kunisikiliza. Nimekunywa bakuli tatu. Kwa hasira.

Jumatatu, 28 Oktoba
Siku ya kura. Nyuma ya kile kizuizi cha kadibodi mkono umenisaliti: nimempa Verna. Aibu! Matokeo ya kituo chetu: Verna kura moja. Mimi kura moja. Sasa mimi kanipa nani? Nimemkuta Verna mlangoni akihangaika na glavu. Kaniambia nisimwulize maswali ya kijinga. Nikamwambia basi hasara tupu, kila mtu angejipigia mwenyewe matokeo yangekuwa yaleyale. Akasema, “Hapana, Lorne. Yasingekuwa yaleyale.” Nimemvalisha glavu. Mimi!

Jumanne, 29 Oktoba
Verna kapiga simu. Anataka udiwani wa mji, anaomba nimpigie debe. Kanialika chakula Jumapili tupange mambo. Nimekubali haraka mno. Mpango kamili huu hapa: nitakula, nitasikiliza mikakati yake yote, kisha nitachukua fomu ya udiwani mimi mwenyewe. Hatashuku chochote! Shati nimeshalipiga pasi. Mara mbili.