Kiti ya Kuangalia Vipanga

Jumatatu, 13 Oktoba 2003
Vipanga wamerudi Bunia. Wawili, bibi na bwana, juu ya antene ya redio. Mugongo rangi ya majivu, ndevu nyeusi chini ya macho sawa polisi wa zamani. Vita ilitukimbiza siye, wao inawanonesha: kila nyumba iliyobomoka iko na njiwa ndani.
Mahali ya kuwaona muzuri ni moja tu: kile kiti ya mbao pembeni ya mbabula, jiko ya makaa ya Mama Dorothée, anapokaanga mandazi. Shida, kiti iko na Katsuva. Dereva wa zamani, matako mapana. Leo kipanga alishuka, mimi nikaona kisogo ya Katsuva. Nikamuomba asogee. Akasema, muzee Isidore, panda kwenye antene, utawaona karibu zaidi.
Nitamutoa kwenye kile kiti.

Jumanne, 14 Oktoba
Nimemunong'oneza Katsuva: siku hizi mutu mwenye kuangalia juu wanamuhesabu mupelelezi. Akafikiri. Akanishukuru sana. Akaenda kununua kofia ya majani ya kuficha macho, pana sawa meza. Sasa hata nikisimama nyuma yake sioni kitu.

Jumatano, 15 Oktoba
Akili imefunguka. Bunia, muzee akiangalia juu sana, watu wanajua iko avion, ndege ya chuma, inakuja, na avion inaleta ama muchele ama vita. Nikasimama katikati ya barabara, mikono kiunoni, macho mbinguni. Mama mwenye kuuza sombe, majani ya muhogo, akauliza, papa, kuko nini? Nikatikisa kichwa polepole.
Basi. Magodoro juu ya vichwa, mbuzi kwa kamba, avenue nzima, mutaa wote, mbio kwa kambi ya askari wa kofia ya bluu. Katsuva pia. Nikakaa. Kiti ilikuwa bado na joto yake.
Na pale, mbele yangu peke yangu, bibi akafunga mabawa, akaanguka toka mawinguni sawa jiwe. Pah! Njiwa ikapasuka hewani, manyoya yakanyesha. Nikapiga mikono. Hakuna aliyesikia. Mandazi pia hakuna: mbabula ilikimbia na mwenyewe.

Ijumaa, 17 Oktoba
Wamerudi wote. Mama wa sombe amenitaja kwa Dorothée, kwa askari, hata kwa padri. Mubaya zaidi: ni Katsuva aliyebeba mbabula ya Dorothée mupaka kambini, na mafuta kwenye karai haikumwagika. Sasa ni shujaa.
Dorothée akakata maneno mbele ya wateja. Kiti ni ya Katsuva mupaka Mungu amuite. Mimi naruhusiwa chai, lakini macho chini. Nikiinua kidevu, ananimwagia maji. Nikasema, mama, weye utanikataza mbingu? Akasema, mbingu hapana, muzee, ni ile shingo yako. Watu wakacheka. Na mimi, kidogo.
Lakini vipanga wanaweza kuhama kesho, na mimi sina tena miaka ya kuwangojea.

Jumamosi, 18 Oktoba
Nimetii. Macho chini kabisa. Juu ya magoti, kioo ya kunyolea ndevu. Anga yote ndani, antene kichwa chini, kipanga anaanguka akielekea juu. Raha. Dorothée akasema, muone, muzee amepata adabu. Akaniongezea andazi.
Nikageuza kioo kidogo kumufuata kipanga bwana akizunguka. Jua ikaingia. Mwanga ikaruka mupaka machoni mwa mulinzi, kwenye kizuizi ya kofia ya bluu. Wakakuja na bunduki, wakauliza nampa nani ishara. Nikawaonyesha vipanga. Wakaangalia juu, wote.
Avenue ikaona askari wanaangalia juu. Magodoro yakatoka tena. Katsuva akabeba mbabula, Dorothée akabeba unga. Kiti ikabaki wazi, hapa, mbele yangu.
Mukubwa wa askari akaikalia, macho kwa vipanga. Akaomba asisumbuliwe.
Kioo wameichukua. Hapo nimejua kosa yangu: kioo ilikuwa ndogo. Ile ya kabati, nyumbani, inaingiza mutu muzima. Kesho asubuhi nitaibeba mugongoni.