Kadi Namba Moja ya Mable

Werugha, Jumamosi, 17 Mei 2025

Kwa Mable, dada yangu,

Leo kwa mazishi yako ulikuwa mbele ya watu wote, lakini najua hukusikia. Mheshimiwa Kimanzi, mratibu wa Bima Mkononi, ule mpango wa bima ya afya kwa wasiojiweza, alisema hivi:

"Naibu Mratibu, Kaimu Naibu Mratibu, chifu, wasaidizi wa chifu, wasaidizi wa wasaidizi, wafiwa wa ngazi zote, mlio na viti na mliosimama kwenye ukungu, itifaki yote izingatiwe, na ile nisiyoizingatia ihesabiwe kuwa imezingatiwa, hamjambo. (Hatujambo, tukajibu. Ulikuwa ule ukungu unaoupenda, unaofanya sukuma wiki ing'ae.)

Bima Mkononi ni fremuweki jumuishi, shirikishi na endelevu, inayomfikia mnyonge pale alipo kwa kasi ya teknolojia, ndiyo maana leo nimechelewa saa tatu tu. Takwimu zinaonyesha kwamba hadi jana tulikuwa tumesajili asilimia mia moja na kumi na nne ya wakazi wa milima hii, na hao kumi na nne waliozidi tunaendelea kuwatafuta. (Wazee wakakohoa.)

Nimearifiwa kwamba marehemu alifika dawatini kwetu mara tatu. Mara ya kwanza mashine ilikataa kidole chake, kwa kuwa alama zilikuwa zimefutika kwa kukata majani ya ng'ombe. Hilo si kosa la mashine. Imetoka ng'ambo, haijazoea vidole vinavyofanya kazi. Mara ya pili sistimu iligundua ana ng'ombe, ikamweka kwenye kundi la wawekezaji. (Jirani yako Wanyonyi akasema kwa sauti, 'Yule ng'ombe wake Sikukuu hata lita mbili hatoi. Mwekezaji gani anauza maziwa kwa chupa ya soda?') Mara ya tatu alikuwa ameshauza ng'ombe, kama afisa wetu alivyomshauri, na hivyo akawa amehitimu umaskini, jambo ambalo ofisi yangu inampongeza. Ila kufikia hapo hospitali ilikuwa inasubiri kadi, kadi inasubiri sahihi yangu, na mimi nilikuwa Naivasha kwa semina ya siku tisa kuhusu huduma za dharura. (Hapo nikakumbuka ulivyoshikilia kile kijikaratasi cha foleni hata wodini. 'Festus, usikitupe,' ulisema. 'Wataniita.')

Na leo nimekuja kumwita. Naomba mwenye Kadi Namba Moja, Mable Wakio, asogee mbele aipokee, tupigwe picha. (Katekista Mwandawiro akaonyesha jeneza. 'Yuko hapo, mheshimiwa. Amesogea kadiri alivyoweza.')

Sawa, asijisumbue. Kadi nitaiegemeza hapo kando. Mpiga picha, toa hayo maua, yanafunika nembo.

Namalizia. Nikisema Bima, mseme Mkononi. Bima. ('Kaburini,' akasema mama mmoja kule nyuma. Teresia, binti yako, akacheka, halafu akalia, halafu akacheka tena.)

Shukrani za pekee zimwendee fundi wa mabango wa Kaloleni, pale Voi, aliyechora kadi hii jana, na nawasihi mnirudishie baada ya picha, kwa maana ndiyo pekee iliyopo. Nyingine zitachapwa bajeti ikipita, bajeti itapita kamati ikiundwa, na kamati itaundwa mara tu mpango wenyewe utakapoandikwa. Mimi siombi makubwa. Mwaka wa kura ukifika, mnikumbuke."

Akapewa kadi yake akaenda, nasi tukakuteremsha.

Kile kijikaratasi sikukitupa, Mable. Asubuhi, kabla hawajafunga jeneza, nilikuwekea mkononi. Namba yako ilikuwa sitini na moja. Wakikuita huko, itika, na ukishaketi, unikumbuke.

Festus