Mwaka wa Kupumzisha Kichwa

Alhamisi, 1 Agosti 1996. Nsemulwa, Mpanda.

Nimechaguliwa! Chuo cha ualimu, Tabora. Jina langu limebandikwa ukutani, kila mwenye macho aone. La Sixte nalo limebandikwa, tena juu ya langu, jambo lililoniharibia siku nzima.

Sixte ni jirani yetu. Tumesoma pamoja tangu darasa la kwanza, na tangu darasa la kwanza shati lake limepigwa pasi. Mama yake alipiga vigelegele mpaka mbwa wa mtaa mzima wakabweka. Mama yangu alipiga kimoja tu, akakimbilia jikoni. Ugali ulikuwa unaungua.

Baba ni fundi seremala. Maneno machache, misumari mingi mdomoni. Alinipa mkono kama mteja aliyekuja kuchukua kabati. Akasema chuo kinafunguliwa Septemba, nijiandae.

Septemba! Mtu ametoka kidato cha sita juzi tu, kichwa bado kina moto, anaambiwa Septemba! Redioni nilisikia kwamba vijana wa Ulaya wakimaliza shule hukaa kwanza mwaka mzima. Wanatembea. Wanatafakari. Ndipo wanaingia chuo. Wala hakuna anayewaita wavivu.

Nimeamua. Mwaka huu napumzisha kichwa.

Jumamosi, 3 Agosti

Nimemweleza Odeta siri yangu. Huyu ni mdogo wangu, alimaliza kidato cha nne kitambo, sasa yuko nyumbani anauza maandazi stesheni siku treni ikiingia. Aliacha kukanda unga. Akanitazama, akanitazama.

Akasema kweli nimekonda. Akasema macho yangu yamezama. "Pumzika, kaka," akasema. "Usiwasikilize watu. Afya kwanza."

Katika nyumba hii ni mimi na Odeta tu wenye akili. Akanipa andazi la pili, na la tatu. Halafu akaanza maelezo marefu kuhusu Sista Immaculata wa hospitali ya misheni, na uuguzi, na nafasi fulani. Sikufuatilia. Andazi lilikuwa la moto, linataka umakini.

Jumapili, 4 Agosti

Aibu kanisani, na kosa si langu. Padre alisema wanaokwenda chuoni mwezi ujao wasimame waombewe. Sixte alisimama kama mlingoti. Sasa mimi nifanye nini? Nimechaguliwa, kwa hiyo nina haki ya kuombewa. Lakini siendi, kwa hiyo nikisimama nitakuwa namdanganya Mungu. Nikasimama nusu.

Mzee wa benchi la nyuma akanigonga begani, akauliza kwa sauti kama nina jipu. Watu wakacheka. Watu hawa hawa wanajiita Wakristo!

Jumanne, 6 Agosti

Leo nimemkabili Baba karakanani. Niliandaa hotuba kwa siku mbili: afya, Ulaya, ukomavu, hali ya nchi. Nilijua atapiga kelele. Nilijua Mama atalia. Nilikuwa tayari kwa vita.

Baba akatoa misumari mdomoni. "Mwaka mmoja?"

Nikasema mmoja tu.

"Chuo kitakusubiri?"

Nikasema nitawaandikia kuomba, watu makini husubiriwa.

"Sawa," akasema.

Sawa! Hotuba yote iko kifuani, nimetumia sentensi moja! Mzazi anayempenda mwanawe angekataa hata kidogo, kwa heshima tu. Nilikuwa bado nimesimama pale, mdomo wazi, alipomalizia: "Utapumzikia Litapunga. Vitalu vya tumbaku vinaanza mwezi huu."

Litapunga! Kwenye shamba letu, jua la kichwa, keni ya kumwagilia mkononi! Nimeomba kupumzika, nimehukumiwa kifungo.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimepata njia ya kuikwepa Litapunga. Biashara! Nimemwambia Baba kwamba mwaka wangu ni wa kujijenga kiuchumi. Nitakwenda Ikola kwa Mjomba Damiano, kaka yake Mama, nichukue dagaa ziwani, niuze Mpanda. Baba alinitazama kama anavyotazama ubao wenye fundo. Akasema niende nikajaribu, mwisho wa mwezi. Nikishindwa, Litapunga.

Nikishindwa! Imani ya mzazi hiyo.

Odeta ameunga mkono kwa nguvu. Amesema Ikola kuna upepo mzuri kwa kichwa. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo, kama nimeshawaandikia watu wa chuo kwamba siji. Nikasema bado. Akasema niwahi, nisije nikapoteza nafasi, ila kama ninapumzika kweli basi nipumzike kweli. Binti ana wasiwasi kama bibi kizee.

Jumatano, 21 Agosti

Sixte amekuja nyumbani, anapita akiaga. Kila nyumba anapewa kuku. Kwetu Mama alimpa jogoo ambaye mimi nimemlea! Sixte akaniambia nimwandikie mkuu wa chuo barua, yeye ataifikisha mkononi mwake na kunisemea. "Tumetoka mbali, Eustace," akasema. "Bila wewe nitasoma na nani?"

Maneno matamu, lakini mimi si mtoto. Anataka afike Tabora aseme, mwenzangu huyu ameshindwa, mhurumieni. Heshima yangu ibebwe kwenye kapu moja na jogoo? Nikamwambia asijisumbue, barua nimeshapeleka posta. Sijapeleka. Nitapeleka nikitoka Ikola.

Jumatano, 28 Agosti. Ikola.

Nimefika juzi juu ya lori la magunia ya mahindi, barabara imenivunja mifupa yote. Nikatelemka ufukweni kwa mwendo wa tajiri. Mitumbwi yote imepandishwa mchangani. Wanaume wamekaa wanashona nyavu. Chanja za dagaa tupu.

Kumbe dagaa huvuliwa giza likiwa zito, kwa taa za karabai! Kukiwa na mbalamwezi hawaifuati taa. Na mbalamwezi sasa hivi ni duara kamili. Nimefunga safari siku zile zile ambazo ziwa zima limelala!

Nikamuuliza Mjomba kwa nini hakuna aliyeniambia. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Mjomba," akaniambia, "nyie wa mjini hamtazami juu?"

Akanipa kazi ya kushona nyavu nisikae bure. Nikashona kwa bidii. Nilipoinuka nikainuka na wavu mzima, nimeushonea kwenye shati langu. Ikabidi shati likatwe. Shati! Si wavu! Wavu wakauonea huruma.

Mchana nikaona mkeka mpana juani, nikajinyoosha pembeni yake kutafakari. Niligeuka usingizini. Dagaa wa mwisho wa kijiji kizima walikuwa pale, mali ya mama mmoja aitwaye Lidia, nami nikalala juu yao kama godoro. Amenikimbiza na ufagio mpaka kwenye maji. Mama mtu mzima, anakimbia vile! Hakuna ukarimu tena nchi hii.

Jumamosi, 31 Agosti. Nsemulwa.

Nimerudi. Mjomba alinipa kwa huruma kifurushi cha dagaa wa zamani, na kwenye lori abiria wakaniamuru nikae nyuma kabisa, upande upepo unakoelekea.

Lakini hayo si kitu. Naingia sebuleni, nakuta sanduku langu la bati. Langu! Nililotengenezewa kwa ajili ya chuo! Limepakwa rangi upya, na juu yake, kwa herufi nyeupe: ODETA.

Godoro langu limekunjwa. Limefungwa kamba. Mashuka, ndoo, taa ya chemli, kila kitu kimepangwa. Nikapiga kelele kwamba tumeibiwa.

Baba akasema hatujaibiwa. Odeta anakwenda chuo cha uuguzi, Jumatano, Tabora. Sista Immaculata alimpatia nafasi tangu mwaka jana, ila uwezo wa nyumba hii ni wa mtoto mmoja kwa wakati mmoja, na zamu ilikuwa yangu. Odeta akaambiwa angoje nimalize. Akangoja.

"Sasa wewe unapumzika," Baba akasema.

Nikamgeukia Odeta. Nikamwambia huu ni usaliti, alinipamba kwa maneno makusudi, eti nimekonda, macho yamezama! Hakuinamisha uso. Akasema, "Nilikwambia, kaka. Nilikwambia yote, siku ile ile ya kwanza. Ulikuwa unakula."

Mama alikuwa amejifunika khanga usoni. Nilidhani ananililia mimi. Alikuwa anacheka.

Jumatano, 4 Septemba

Stesheni. Nilikwenda ili uso wangu uwasute. Sixte alibeba sanduku LANGU begani, akampisha Odeta dirishani, akanipungia mkono kwa ile sura yake ya upendo. Siwezi kuivumilia.

Wanawake wanaouza maandazi waliacha beseni zao wakaja kumkumbatia Odeta mmoja mmoja. Yeye alikuwa na gauni jipya na viatu vya Mama. Treni ilipopiga honi alinishika mkono kupitia dirishani, akanibana sana. Akasema asante. Akasema alianza kuamini kwamba siku hii haitafika.

Nikamwambia asisahau kufunga kamba vizuri, godoro lisianguke. Vumbi la stesheni ile ni baya sana kwa macho. Halmashauri wafanye kitu.

Jumapili, 15 Septemba. Litapunga.

Asubuhi keni. Jioni keni. Vitalu vya tumbaku vinakunywa kama walevi. Kijito kiko bondeni, vitalu viko mlimani, na aliyepanga hivyo ni Baba. Malengelenge viganjani. Jirani wa huku, Mwandu, mwenye ng'ombe, amenipita mara mbili akinitazama, kisha akauliza kama mimi ndiye yule msomi aliyekuja kupumzika. Habari zimefika mpaka kwa ng'ombe!

Barua ya chuo sijaandika. Mikono haishiki kalamu.

Ijumaa, 20 Septemba

Baba amekuja kwa baiskeli kutoka mjini, jasho linamtoka, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu alikuwa anatabasamu kabla ya kuongea. Sixte amepiga simu parokiani. Amekwenda kwa mkuu wa chuo kila siku, amesimama mlangoni, amenisemea. Mkuu amekubali. Nafasi yangu ipo, mradi niripoti kabla mwezi haujaisha. Kuhusu uwezo, Baba amepata kazi ya madawati ya shule nzima, atatusomesha wote wawili. Treni ni Jumapili. Ameshaazima begi.

Akanishika bega. "Haya, mwanangu," akasema. "Twende nyumbani."

Nikauliza ni nani aliyemtuma Sixte kuniombea. Nilimwomba? Nilimpigia magoti? Mtu anaingilia mwaka wa mwenzake bila hata kuuliza! Na nifike chuoni hali hii, mgongo umepinda, viganja vimechubuka, kichwa kimejaa tumbaku, wanafunzi wenzangu waseme mwalimu gani huyu?

Nimemweleza Baba kwa utulivu kabisa. Mtu hawezi kuanza masomo akiwa amechoka namna hii. Nimemwomba aniongezee mwaka mmoja.

Amenirudishia keni mkononi, akaondoka na baiskeli yake. Nadhani ananielewa.