Ini la Sikukuu

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka.
Wamemfuata Nurudini tena! Pikipiki imesimama mlangoni kwake saa kumi na mbili asubuhi, hatua tano tu kutoka mlango wangu. Mzee Venanti wa kamati ya kanisa kaja mwenyewe. Wakristo wa hapa Kasulu wakichinja ng'ombe wa sikukuu humwita Mwislamu, ili majirani wote wale. Jambo jema. Lakini Waislamu tumejaa mjini, kwa nini Nurudini kila mwaka? Yeye anauza sufuria. Mimi nauza vitenge. Nani mwenye heshima zaidi?

Karudi saa nne na ini zima kwenye jani la mgomba. Ini ni la mchinjaji. Mke wangu Asia kanusa harufu dirishani, kasema Nurudini ana bahati. Sina wivu. Nimeshindwa kula tu.

Jumamosi, 7 Juni. Idi ya Kuchinja.
Nilitangaza kwamba mbuzi wangu nitamchinja mwenyewe, watu waje waone. Wakaja. Asia akamlaza, akamfunga miguu, akamshika. Nikashika kisu. Mbuzi akanitazama. Nikafumba macho, nikakata... kamba. Asia anasema nusura nimkate kidole. Mbuzi akakimbilia uani kwa Nurudini, msaliti mkubwa! Nurudini akamaliza kazi, kisha akaniambia kwa upole kwamba si kila mtu anaweza damu. Upole wake ndio unaoniua.

Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: sijawahi kuchinja hata kuku. Kuku wetu huchinjwa na Asia, mimi nikiwa nimetoka kidogo. Marehemu baba yake alikuwa na bucha Ujiji.

Hata hivyo, Krismasi nachinja mimi. Lazima.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane.
Watu wengi leo, wakulima wameshuka mpaka kutoka Kitanga. Nikamnong'oneza fundi Ridhiwani, cherehani yake iko mbele ya duka langu, kwamba kisu cha Nurudini ni butu, wanyama wanateseka. Ridhiwani hana siri. Mpaka adhuhuri habari imezunguka soko zima. Mpango safi.

Jumanne, 12 Agosti.
Watu wameguswa! Wamechangishana, Waislamu kwa Wakristo, wakamnunulia Nurudini kisu kipya chenye mpini wa pembe. Na mimi nimechanga, ningefanyaje? Ridhiwani alinisifu hadharani kwamba ndiye niliyeliona tatizo. Nikaombwa nikikabidhi mimi. Nimekikabidhi nikitabasamu. Mashavu yanauma mpaka sasa.

Ijumaa, 5 Septemba. Maulidi.
Kachinja ng'ombe wawili kwa kisu nilichomkabidhi. Wote wakasifu kisu. Pilau sikuigusa. Baadaye niliigusa, mara mbili.

Jumatano, 24 Desemba.
Nimemwambia Nurudini kwamba Kakonko kesho kuna harusi na hawana mchinjaji, wanamngoja yeye. Harusi yenyewe nimeitunga chooni. Kanishukuru sana, kapanda basi la mchana. Kabla ya kuondoka kapita kwa Mzee Venanti, kamwambia Krismasi hii amchukue Gharibu, yaani mimi. Kisha kaniachia kisu chake cha zamani. Nimekijaribu kwenye kitambaa. Si butu hata kidogo.

Alhamisi, 25 Desemba. Krismasi.
Pikipiki mlangoni kwangu! Kwangu! Nikavaa kanzu ya Idi, nikapanda taratibu ili Ridhiwani aone. Asia akachukua pikipiki ya pili, akisema ana wasiwasi.

Kwaya ikanyamaza. Mzee Venanti akanitambulisha. Fahali mwekundu, pembe ndefu kuliko mikono yangu, amelazwa kuelekea kibla. Nikasema Bismillahi. Fahali akashusha pumzi, ikanipata usoni.

Kitu kilichofuata ni kitabu cha nyimbo. Laurentine, mama wa Kikongo auzaye mawese, alikuwa ananipepea nacho. "Papa, uko muzima?" Nikauliza nani kachinja. Asia! Kwa mkono mmoja, bila kelele. Mzee Venanti alikuwa amempigia simu imamu, imamu akajibu kwamba mwanamke Mwislamu anayejua kuchinja, nyama yake ni halali, tatizo liko wapi? Nilizimia kwenye vumbi na kanzu nyeupe, na vigelegele wakampigia yeye.

Ini limeingia nyumbani kwangu. Hatimaye! Lakini aliyeligawa ni Asia, na kipande changu kilikuwa kidogo. Nimelia kidogo, nikasingizia kitunguu.

Alhamisi, 1 Januari. Mwaka Mpya.
Nurudini karudi. Harusi ya Kakonko ilikuwepo! Siku ileile, na mchinjaji wao alikuwa kalazwa hospitali. Kapewa paja zima la mbuzi, kalikausha, na nusu kaniletea mimi, kwa shukrani.

Asubuhi pikipiki ikasimama mlangoni. Nikavaa kanzu mbio mbio. Walikuwa wamemfuata Asia. Akapanda na kile kisu cha zamani, bila hata kugeuka. Nurudini, mlangoni kwake, akampungia mkono na kuniambia nijivunie mke. Kila mtu ana mkono mzuri hapa Kasulu isipokuwa mimi. Roho imeniuma kuliko Pasaka.

Lakini mwaka uliopita umenifunza. Kosa langu lilikuwa kusema habari za kisu. Jioni nimekaa na Ridhiwani, nikamnong'oneza kwamba macho ya Asia hayaoni vizuri siku hizi. Ridhiwani ameguswa sana. Mpango safi.